Majivu Yaliyoelea

Yule binti aliweka mfuko wa plastiki juu ya meza ya Inspekta, akaufungua, akatoa mtungi mdogo wa shaba wenye kifuniko cha kuzungusha.

"Mama yangu alitakiwa awe humu ndani," alisema. "Jana asubuhi tumemmwaga baharini. Tuliyemmwaga si yeye."

Mkuu wa kituo alikuwa akipita na kikombe chake mkononi. Alisimama, akasikiliza, akamtupia Inspekta jicho la pole, kisha akaenda zake. Kesi ambazo hazina kichwa wala miguu, pale kituoni, zilikuwa na meza yao maalumu, nayo ilikuwa hii ya Inspekta. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mwili umejaa kidogo, sauti ya chini, na wenzake walikuwa wamempachika jina la Pole Pole. Hakulipenda jina hilo, ila hakuhangaika kulikataa. Watu waliomwona mpole walikuwa na tabia ya kusema mengi.

"Si yeye kwa vipi?" aliuliza.

"Mimi ni mfamasia, Afande. Kazi yangu ni unga na vidonge. Unga nikiutia mkononi naujua kabla sijasoma kopo. Jana nilichota majivu kwa kiganja, tangu juu mpaka chini, yakawa laini kama poda, yakaniachia weusi. Nikayarusha, yakaelea. Yakatanda juu ya maji kama masizi, upepo ukayarudisha yakaganda ubavuni mwa boti."

"Na majivu ya mtu hayaelei?"

"Nilikwenda kuwauliza hao waliomchoma. Hawakunijibu. Walinipa kiti na maji ya kunywa."

Inspekta alivaa glavu, akawasha tochi, akachungulia ndani ya mtungi. Binti alikuwa mwerevu, hakuuosha. Chini, kwenye kiungo cha shaba, kulikuwa kumebaki ukoko wa kijivu na kipande cha mkaa kisichozidi punje ya mtama. Katikati ya ukoko huo kulikuwa na misumari miwili midogo yenye kichwa bapa, imeungua mpaka imegeuka rangi ya samawati. Aliichomoa kwa kibanio, akaitia kwenye bahasha.

"Nianzie mwanzo," alisema.

Binti akamwanzia mwanzo. Mama yake aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza, baba yake huyu binti, alikuwa mzamiaji wa bandarini. Siku moja alishuka kukagua mnyororo wa boya jekundu na hakupanda tena. Mwili haukuonekana. Tangu hapo mama alikuwa na ombi moja, na ukoo mzima ulilijua: akifa achomwe, na majivu yake yapelekwe pale pale kwenye boya, alipo mumewe. Baadaye akaolewa na fundi wa makochi. Ombi halikubadilika.

"Huyo mume wa pili ndiye aliyekulea?"

"Ndiye."

"Unamwita baba?"

"Namwita Fundi. Kila mtu anamwita Fundi."

"Mtungi huu umepita mikononi mwa nani?"

"Fundi ndiye aliyeuchukua kule alikochomwa mama, ukakaa nyumbani kwake. Juzi jioni shangazi, dada yake marehemu baba, akaja kuudai. Alisema lazima wifi yake alale kwake walau siku moja, ampokee kwa niaba ya kaka yake. Jana akaja nao gatini. Mimi nikaufungua ndani ya boti."

"Kati ya hao, nani hakutaka mama yako afike kwenye lile boya?"

Binti hakufikiri. "Shangazi. Hajawahi kumsamehe mama kwa kuolewa tena. Na shangazi anaoka mikate, Afande. Tanuri lake ni la kuni. Majivu anayo ya kumwaga."

"Na Fundi?"

"Fundi hana neno. Fundi hajawahi kuwa na neno."

Inspekta aliandika jina la shangazi kwanza. Halafu, bila kuinua kichwa, akaandika na la Fundi.

*

Jengo la kuchomea maiti lilikuwa safi mno, na bustani yake ilikatwa vizuri kuliko ya mkuu wa wilaya. Msimamizi alimpokea akiwa na tai shingoni na maneno tayari mdomoni.

"Hapa hatujawahi kukosea," alisema.

"Sijasema mmekosea. Nataka kuona yanavyokuwa."

Msimamizi alimtazama kidogo, kisha akaingia ndani na kurudi na sinia. Juu yake kulikuwa na majivu ambayo Inspekta, kama angeyakuta ufukweni, angeyakanyaga bila kugeuka: meupe-kijivu, ya chengachenga.

"Wengi wanadhani ni kama ya jikoni," msimamizi alisema. "Moto wetu hauachi kitu isipokuwa mifupa. Mifupa tunaisaga. Kwa hiyo haya si majivu hasa, ni mfupa." Alichota kidogo, akayatia kwenye glasi ya maji. Yalizama moja kwa moja, yakaacha maji meupe kama yaliyooshea mchele. "Na ni mazito. Mtungi ukijaa, unabeba kama mtoto mchanga."

"Mnajuaje ni mtoto wa nani?"

Hapo msimamizi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alivuta droo, akatoa kisahani cha chuma, duara, chenye namba. Kila maiti, alieleza, huingia motoni na kisahani chake. Chuma hicho hakiyeyuki. Majivu yakitoka, kisahani hutiwa juu yake ndani ya mtungi, hakitengani nayo.

"Na cha yule mama?"

"Kilikuwemo. Mumewe alipokuja nilifungua kifuniko mbele yake, nikamwonyesha. Alikitazama sana. Akaniuliza kama hapo pameandikwa jina lake. Nikamwambia hapana mzee, ni namba tu. Akafunga mwenyewe."

Inspekta alikumbuka maneno ya binti: alichota kwa kiganja, tangu juu mpaka chini. Mkono wa mfamasia hauwezi kupita kwenye kipande cha chuma usikisikie. Mama alitoka kwenye jengo lile akiwa mzima, kama neno hilo linafaa. Alipotelea njiani.

*

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Tanuri lilikuwa likiunguruma nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi uliza huku nakanda, unga wenyewe umeshaumuka." Alipiga donge la unga mezani. "Najua huyo mtoto amekuambia nini. Na hajakudanganya. Mimi wifi yangu sikumpenda."

"Kwa kuwa aliolewa tena?"

"Mwanangu, kaka yangu yuko chini ya yale maji tangu huyo binti hajang'oa meno ya utoto. Yuko peke yake. Mkewe huku juu ananunuliwa viatu, anakalia makochi mapya, anacheka na mwanamume mwingine. Kaka yangu yeye nani angemwoza mke wa pili kule chini? Kisha bibi huyo akifa ndiyo anakumbuka kuwa ana mume. Ungekuwa wewe ungepiga vigelegele?"

"Kwa hiyo ulimzuia."

"Nilitaka." Shangazi aliacha kukanda. "Nisikufiche. Niliuweka mtungi pale juu ya kabati, nikavuta kiti, nikamwambia yote niliyoshindwa kumwambia akiwa hai. Nikamwambia, wifi, nikitaka sasa hivi unaishia jalalani. Nilipomaliza kumtukana nikaona haya. Nikamfunika kitambaa safi, nikamwacha."

"Hukuufungua?"

"Nimfungue ili nini? Hata alipokuwa hai sikupenda kumwona." Akarudi kwenye unga wake, akakanda kidogo, akasita. "Ila kitu kimoja kilinishangaza. Wepesi. Nilipomnyanyua nikasema, maradhi yamemmaliza mke wa kaka yangu, hata majivu hakubaki nayo."

Inspekta alitoa ile bahasha, akamwaga misumari miwili kwenye kiganja chake chenye glavu.

"Hii ni yako?"

Shangazi aliinama, akaitazama kama mtu anayetazama mende. "Kwenye tanuri langu? Mimi nachoma magogo, na nayakagua moja moja. Msumari ukidondokea humu, kesho mteja ananiletea jino lake mkononi."

Inspekta aliomba majivu ya tanuri. Alipewa ndoo nzima. Alitoa sumaku aliyokuwa nayo mkobani, akaipitisha humo kwa subira, juu, chini, pembeni, huku shangazi akimwangalia kwa dharau. Sumaku ilitoka kavu. Hakukuwa na hata kipande cha waya.

Alipokuwa ananawa mikono alipanga mambo kichwani. Mtu aliyebadilisha majivu asingemtajia polisi kwamba mtungi ulikuwa mwepesi. Na kama ulikuwa mwepesi ulipoingia kwa shangazi, basi kazi ilikuwa imeshafanyika kabla. Kabla ya shangazi mtungi ulikaa kwa mtu mmoja tu.

"Umemaliza kunishuku?" shangazi aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Afadhali." Shangazi alionekana kama aliyepungukiwa na kitu. "Ingawa ningeweza."

*

Nahodha wa boti alikuwa bado anasugua ubavu wa chombo chake kwa brashi na sabuni, na bado weusi ulikuwa haujatoka wote.

"Waliomwaga jana," Inspekta aliuliza, "kuna yeyote aliyewahi kuja kwako kabla?"

"Yule mzee aliyekaa nyuma kabisa. Ndiye peke yake ambaye hakurusha hata chembe. Nikasema moyoni, huyu ndiye amefiwa hasa." Nahodha alitumbukiza brashi ndooni. "Alikuja siku chache kabla. Nikadhani anataka boti. Kumbe anataka kujua maji."

"Maji yapi?"

Nahodha alionyesha kwa kidevu ule ukuta mrefu wa mawe unaozuia mawimbi yasiingie bandarini. Upande huu wa ukuta, mbali kidogo, boya jekundu lilikuwa likiyumba. "Aliniuliza kitu kikitupwa upande ule wa pili wa ukuta, kitafika kwenye boya? Nikamwambia hakifiki, mkondo unavuta kwenda nje. Akauliza tena. Akauliza mara nyingine kwa maneno mengine. Kwani alikuwa amepoteza nini, Afande?"

Inspekta alisogea pembeni, akampigia binti simu, akamwambia wakutane kwenye karakana ya Fundi.

*

Karakana ilijaa viti visivyo na nguo. Fremu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, springi zimechomoza, sponji la njano limerundikwa mpaka darini, na harufu ya gundi ilikamata koo tangu mlangoni. Uani kulikuwa na pipa lililokatwa nusu ambamo mbao za makochi ya zamani zilikuwa zikichomwa. Inspekta alipitia huko kwanza. Sumaku yake, safari hii, iliibuka na ndevu za misumari midogo ya kichwa bapa, imeungua rangi ya samawati.

Alipoingia ndani binti alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mlango. Fundi alikuwa ameinama juu ya kiti, mzee mfupi, mabega mapana. Aliona sumaku. Akaweka nyundo chini taratibu.

"Umemwaga masizi ya pipa lako kwenye mtungi," Inspekta alisema. "Kabla shangazi hajaja kuuchukua. Mkeo ukampeleka upande wa pili wa ukuta."

"Ndiyo," Fundi alisema.

Binti alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na sasa hakuwa na pa kuupeleka.

"Fundi," alisema mwishowe, "mama aliomba kitu kimoja tu."

"Najua. Aliniambia kabla sijamwoa. Nikamjibu sawa. Nilikuwa na hakika nitatangulia mimi."

"Basi kama ulisema sawa..."

"Ngoja, mwanangu." Hakupandisha sauti. "Picha ya baba yako iko sebuleni kwangu. Mimi ndiye ninayeipangusa vumbi. Amesimama gatini, kifua mbele, meno yote thelathini na mawili. Mimi nimeota mvi mbele yake, nikang'oka meno mbele yake, nikaanza kushika kiuno nikiinuka. Yeye yuko vile vile. Mwanamume hai unaweza kumshinda, ukamsubiri azeeke. Huyu ningemfanya nini? Lakini nilivumilia. Mkewe alikuwa anakula mezani kwangu, nikasema hilo linanitosha."

"Nini kilibadilika?" Inspekta aliuliza.

Fundi alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa michafu.

"Akili yake ilipoanza kumwacha, siku moja nilimpelekea chakula, akaniita jina la yule. Nikamwambia, si yeye, ni mimi. Akakataa kula mpaka jioni. Kesho yake akaniita tena. Nikaitika. Akala. Basi ikawa ndiyo desturi. Dawa, naitika. Kuoga, naitika. Ananishika mkono, ananiuliza leo kule chini maji yalikuwa ya baridi? Mimi, ambaye hata kuogelea sijui, namwambia, ya baridi kidogo, mke wangu, lakini nimerudi. Nimeitikia jina la mtu mwingine nyumbani kwangu mpaka siku aliyofumba macho. Ndiyo nikaambiwa sasa nimchukue, nimpeleke kwa mwenyewe."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Wote watatu waliusikiliza mpaka ukapotea.

"Mimi nilikuwa nakuja kila Jumapili," binti alisema. "Sikuwahi kumsikia akikuita hivyo."

"Jumapili nilikuwa nashinda huku."

"Nilidhani unamkimbia. Nilikuwa nawaambia watu, mgonjwa anamchosha."

"Nilikuwa naogopa aniite vile mbele yako," Fundi alisema, "na wewe ufurahi."

Binti alimtazama usoni, na Inspekta, aliyekwisha kuona watu wengi wakitafuta uongo wa kujisitiri nao, aliona kuwa huyu hautafuti.

"Ningefurahi," binti alisema. "Mungu anisamehe, ningefurahi." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo na ya hasira. "Lakini wewe angalau alikuita. Jina si lako, sawa, lakini alikuita mume, akakushika mkono. Mimi kila Jumapili aliniuliza kama nimetumwa kuleta dawa na binti yake. Namwambia ndiyo, binti yako anakusalimu sana. Ananiambia, mwambie aje mwenyewe, namngoja. Mimi nimekaa pale pale kitandani. Natoka naingia dukani kwangu na kufunga mlango, kwa kumwonea kijicho huyo binti anayengojewa."

Fundi hakujua habari ya kijicho hicho. Ilionekana wazi kwamba hakuijua.

Inspekta akafanya kazi yake. Alimweleza Fundi kwamba kuficha mabaki ya marehemu na kuwahadaa wafiwa ni kosa, na kwamba kesi itakwenda au haitakwenda kwa neno la mlalamikaji. Akamwomba kisahani. Fundi alikitoa kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto. Kilikuwa kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha kochi, kimeshonwa pembeni kwa mshono ule mdogo mdogo ambao wateja huulipia zaidi. Inspekta alilinganisha namba na ile aliyopewa na msimamizi. Ilikuwa yenyewe. Aliandika anachopaswa kuandika, kisha akakiweka kisahani juu ya benchi la kazi, katikati yao, wala hakukirudisha mkobani.

Malalamiko yaliondolewa kesho yake. Mkuu wa kituo alipouliza yaliishaje, Inspekta alimjibu kwamba wameelewana, akajua huku anasema kwamba neno hilo ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Watu wale hawakuwa wameelewana. Kila mmoja alikuwa amegundua tu kwamba mwenziwe hakupata zaidi.

Lakini siku ile, kule karakana, binti hakusema neno juu ya kesi. Alikitazama kisahani pasipo kukigusa.

"Ulipommwaga," aliuliza, "ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Ulimwambia chochote? Maana sisi tuliyasomea dua masizi."

Fundi aliona aibu. Alitazama mikono yake, akatazama viti vyake, akamtazama Inspekta kana kwamba anataka ruhusa.

"Nilimwambia mimi ni nani," alisema. "Nilimtajia jina langu, na la baba yangu, na mtaa tuliokaa. Nikasema pole pole, nikarudia, asije akanichanganya tena na mtu. Nilipofika hapo nikaona nimekuwa mchoyo. Nikamtajia na lako. Nikamwambia, na yule mwenye dawa, wa Jumapili, uliyekuwa ukinisimulia, ndiye yeye."

Inspekta alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga. Alipokuwa anapita kwenye pipa la uani alisikia kiti kikivutwa juu ya sakafu, kimoja cha vile visivyo na nguo, na mtu akiketi juu ya springi tupu.

"Rudia," binti alikuwa anasema. "Rudia vile vile ulivyomwambia."